Kitambaa kwenye Gurudumu la Cherehani

Fremah alimwagiwa poda siku ya Jumamosi, akatoka uwanjani mweupe kuanzia kichwani hadi mabegani, na mtaa wa Ayigya ukamshangilia. Kwa fundi wa Kumasi poda ndiyo shahada. Ukishamwagiwa umeachiwa huru: huna bosi tena, na benchi la bosi wako hulikalii tena hata upige magoti.

"Nenda ukashone ya kwako," Madamu Dufie, aliyemfundisha kazi, akamwambia huku akicheka. "Nikikukuta kwangu nakufukuza kwa ufagio!"

Aliyemfikisha hapo ni Shangazi Pokuaa. Mama yake Fremah alipofariki, Pokuaa ndiye aliyemlisha, na alipoanzisha mpango wake wa kusaidia vijana wasio na kazi, Fremah alikuwa wa kwanza kuingizwa. Ada ya Madamu ikalipwa. Ikabaki cherehani, na bila cherehani fundi ni mpita njia tu mwenye mkasi. Siku ile ya poda ikaletwa, mpya, inang'aa. Fremah akafunga kwenye gurudumu lake kipande cha nguo ya marehemu mama yake, cha bluu chenye maua ya njano. Wageni wafadhili wakapiga picha.

"Iache hapa kwanza, mwanangu," Pokuaa akamnong'oneza. "Kesho nakuletea mwenyewe."

Kesho hiyo haikufika. Akiuliza, gari limeharibika. Akiuliza tena, mwenye ufunguo wa stoo kasafiri. Mwisho akajibiwa, "Kwani mimi niliyekulisha huniamini?" Hapo akaona haya kuuliza. Waliomletea vitambaa aliwaambia kazi zimemzidi. Ufundi wote ule mikononi, na yeye akawa anauza maji ya vifuko barabarani, tena upande wa pili wa mji, asionekane na mtu.

Miezi ikapita. Pokuaa akaja, anatabasamu.

"Jumamosi Birago anamwagiwa poda. Wageni wanarudi. Njoo useme mawili matatu, mpango ulivyokutoa."

"Na cherehani yangu, Shangazi?"

"We mtoto nawe! Ongea vizuri tu. Wakifurahi, zitakuja hata mbili."

Akaenda. Alikuwa bado anataka kumwamini, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Birago, aliyekaa naye benchi moja kwa Madamu Dufie, alikuwa amekwisha kumwagiwa poda alipoletewa cherehani yake. Kwenye gurudumu kilikuwa kimefungwa kitambaa cha bluu chenye maua ya njano. Pokuaa hakujisumbua hata kukifungua. Wizi mtu huweza kuumeza, lakini dharau ile Fremah hakuimeza. Akapewa kipaza sauti.

"Birago, mdogo wangu, usiiachie hiyo cherehani," akasema. "Ni yangu. Hicho kitambaa ni cha mama yangu. Niliambiwa kesho, na mpaka leo nauza maji. Ukiiachia, tutakutana barabarani."

Waliokuwa wanatafuna karanga wakaacha. Wageni, ambao hawakujua hata neno moja la Kitwi, lugha ya mji ule, wakamgeukia Pokuaa awatafsirie. Naye akawatafsiria, mkono mmoja kifuani. Fremah aliacha shule mapema, lakini Kiingereza cha kuelewa "furaha" na "Mungu awabariki" alikuwa nacho. Mgeni mmoja akajifuta machozi, halafu wote wakapiga makofi.

Fremah akamtafuta Madamu Dufie kwa macho. Nguo ile ya bluu ilishonwa kwa mkono wa Madamu mwenyewe.

"Madamu, sema basi! Si unaijua hii nguo?"

Madamu Dufie alikuwa na wasichana wengine benchini, na ada zao zilitoka kwa Pokuaa. Akatazama chini, akaanza kupiga makofi. Nyuma yake uwanja mzima ukapiga, watu wa Ayigya, walioelewa kila neno.

Birago alikuwa ameikumbatia cherehani, poda inamdondoka kwenye kope. Pokuaa akamwinamia kwa upole.

"Iache hapa kwanza, mwanangu. Kesho nakuletea mwenyewe."

Birago akamtazama Fremah, akawatazama watu waliokuwa wanapiga makofi.

"Sawa, Shangazi," akasema, akaiachia.