Mayai Yenye Msalaba wa Mkaa

Wanaonifahamu hapa Kitai watanicheka wakisoma haya, nami nawaruhusu.

Ndiyo kwanza wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameruhusiwa kuja kwetu, na mmoja akaketi barazani kwangu. Nilitaka aanze na kahawa yangu kabla hajafika kwa jirani. Mke wangu alikuwa kwenye sala za jumuiya. Ningemwita, lakini kiburi kiliniambia kwamba mwanamume anayepalilia bustani yake hashindwi kukaanga mayai.

"Leo utakula vya nyumbani tu," nikamwambia mgeni.

Nikachuma nyanya, vitunguu na mchicha. Mayai yalikuwa kapuni jikoni, kuku ameshuka kunywa maji. Machache yalikuwa safi, mengi yamechorwa msalaba wa mkaa. Nikamsifu mke wangu kimoyomoyo: ametenga ya heshima, ya wageni na mapadri. Nikachukua yenye msalaba.

Mboga zilipoiva nikahamishia jiko barazani, mgeni aone ufundi. Nikaligonga yai la kwanza kwenye ukingo wa kikaango.

Ndani yake pakajibiwa, "Pii."

Mgeni akaacha kutabasamu. Nikagonga tena taratibu, kama vile sikusikia.

"Pii, pii."

Kumbe mke wangu alikuwa amesharudi, yuko nyuma yangu na kitabu cha sala mkononi.

"Baba Tekla, yenye mkaa ni ya kuatamiwa. Ya kula ni yale safi," akasema. "Lakini maadamu umeshafika mlangoni, piga hodi tena, labda mwenyeji atafungua."