Sauti ya Chini Peke Yake

Siku ami yangu aliponiambia, "Hebu imba hiyo ya kwako nisikie," nilipaswa kukataa. Jibu nilikuwa nalo, tena la kweli: wimbo ule hauimbwi na mtu mmoja. Badala yake nilisimama, nikakohoa kusafisha koo, nikaimba.

Harufu ya mbata ndiyo inayonirudisha huko. Hata leo nikipita palipoanikwa nazi zilizopasuliwa, ile harufu ya mafuta yenye moshi kidogo hunifanya niharakishe hatua, kwa sababu ghala la mbata pale Kanga, kijijini kwetu kisiwani, ndilo lililokuwa darasa letu la kuimba.

Mama Elena alikuwa Mwitaliano, mke wa fundi wa mitambo ya shamba la minazi. Alitusikia watoto tukiimba kasida, akachagua watano, akawaomba wazazi ruhusa, na kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tukawa tunakusanyika katikati ya magunia. Alitufundisha nyimbo za kwao za kale, za karne nyingi zilizopita, zilizoimbwa bila ngoma wala kinanda. Watu watano, njia tano. Katika kasida tulizoea mmoja aongoze na wengine tuitikie, wote tukipita njia moja. Hapa kila mtu alishika njia yake, huyu akianza wakati mwenzake yuko katikati ya neno. Wanawake waliopita na ndoo zao walichungulia dirishani wakiuliza nani anampiga nani.

Maneno alitueleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: mtu ameachwa na ampendaye, anaomba afe. Palikuwa na neno "ahi", na hilo hatukuhitaji kuelezwa. Tulipolipamba alipiga makofi tunyamaze. "Hapana tamu!" alifoka. "Iume! Iume kama jino!"

Mwaka wa kwanza sauti ya juu nilikuwa nayo mimi. Kisha koo langu likaanza kubadilika, likawa linapasuka njiani, na Mama Elena akanishusha chini kabisa. Ya juu akampa dada yangu Mwanahawa, aliyekuwa darasa la saba nami la sita.

"Usinune, Bakari," Mwanahawa aliniambia tukirudi nyumbani. "Huko chini ndiko kunakomfaa mbuzi aliyemeza mfupa."

Alicheka mpaka akashika mti. Mimi sikucheka. Njia yangu mpya ilikuwa ya kuvuta sauti mbili tatu muda mrefu, huku yeye akipanda na kushuka juu yangu na kila mtu akimtazama yeye.

Wakati huo baba alikuwa dago, kambini kwa wavuvi kule Shungimbili, na nyumba ilikuwa mikononi mwa ami, mdogo wake. Maneno yalikwisha kumfikia kwamba watoto wa kaka yake wanafundishwa nyimbo za kanisani. Hakuwa mtu mkorofi. Aliniita barazani asubuhi moja, alipokuwa akinywa kahawa na wazee wawili.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Zile nyimbo ni za kanisani?"

"Hapana, ami."

"Hebu imba hiyo ya kwako nisikie."

Ningeweza kusema, ami, njoo ghalani Jumamosi utusikie sote. Mama Elena alikwisha kutuonya kwamba sauti moja ikitolewa peke yake haionyeshi kitu. Lakini kwa miezi mingi hakuna aliyenisikiliza mimi, na hapa watu wazima watatu walikuwa wameweka vikombe chini kwa ajili yangu. Nikaimba. Polepole, kwa sauti nzito, neno moja likivutwa mpaka pumzi inakwisha. Bila wenzangu juu yake, kilichotoka kilikuwa kama dua za mazishi za watu wa dini nyingine. Nilisikia hivyo mwenyewe, nikaendelea.

"Kumbe!" alisema mzee mmoja. "Padri mtupu."

"Na Mwanahawa naye anaimba hii?" ami akauliza.

Hakuwa akiimba hii. Njia yake ilikuwa nyingine kabisa, na mtu yeyote aliyewahi kukaa harusini angetambua kuwa ni kilio cha mapenzi.

"Ndiyo, ami," nikasema.

Wiki ile ile Mwanahawa alitolewa shule, ikiwa imebaki miezi miwili afanye mtihani, akapelekwa Ndagoni kwa bibi yetu, mbali na ghala lile, kusuka makuti. Mimi nilikatazwa kwenda ghalani tu. Mwanamume, ami alisema, ataacha mwenyewe akikua.

"Umewaimbia nini?" Mwanahawa aliniuliza akifunga nguo zake.

"Yangu."

"Peke yake?"

Nikakubali kwa kichwa. Akaendelea kufunga. Nanyi mnaonisoma sitawaficha: siku mbili za mwanzo nilifurahi.

Baba aliporudi aligombana na ami mpaka majirani wakaja, lakini mtihani ulikwisha kupita. Mwaka uliofuata niliufanya mimi, nikafaulu, nikaenda sekondari bara. Huko mwalimu mmoja alikuwa na santuri za nyimbo za namna ile, na siku moja akatuwekea. Nilipoifuata sauti ya chini kwa sikio ndipo nikaelewa. Uchungu haukuwa katika sauti ya juu. Ulitoka pale ya juu inapotaka kuondoka na ya chini ikakataa kusogea, zikasuguana mpaka moja ilegee. Mwanahawa alipoimba "ahi" na watu wakasisimka, nusu ya kilio kile ilikuwa yangu. Hakuna aliyekuwa amenishusha. Nilitoka nje santuri haijaisha.

Dada yangu aliolewa, akalea watoto sita, akaheshimiwa huko Ndagoni. Hakuimba tena, hata katika harusi za wanawe. Nilikwenda mara tatu kumwomba radhi. Kila mara alisema yamekwisha, akaniletea chai, akainuka kwenda kazini kwake. Nikimwamkia aliitikia, "Marahaba, Bakari," basi. Hakunitania, hakuniuliza habari za nyumba yangu, na alipougua niliambiwa na watu baki.

Tulimzika mwaka jana. Lakini kumpoteza nilimpoteza asubuhi ile barazani, na kwa zaidi ya miaka hamsini niliishi bila dada, naye yu hai.