Uraka wa Saa Tatu

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini, zilinikuta chuo cha ualimu, Newala, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nilizipokea kwa mikono miwili. Jinzi za mitumba, redio kaseti, disko la Jumamosi mchana kwenye bwalo la chuo: vyote nilivitaka, tena nilivitaka leo leo. Hata kondomu zilikuwa zimeanza kuuzwa madukani, na kwenye klabu ya afya mimi ndiye niliyesimama mbele ya wenzangu kuwaeleza matumizi yake, macho makavu. Asubuhi ya disko ninalolikumbuka nilinunua moja pamoja na sabuni ya kufulia, nikaitia mfukoni mwa sketi. Nilijiona wa kisasa kuliko Newala nzima.

Kijana wangu, mwanachuo mwenzangu, alitoka Njombe. Alikuwa mwanakwaya, pombe hajawahi kuionja, na akicheka mabega yote yanacheka. Jamani, nilimpenda.

Siku hiyo bomba lilikuwa kavu, kama kawaida yetu. Bahati nzuri ulikuwa msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, na saa tatu asubuhi shangazi yangu alikuwa ameniletea galoni la uraka, maji ya mabibo yaliyokamuliwa alfajiri. Kwetu uraka wa asubuhi ni mtamu tu, anakaribishiwa hata mgeni. Ukishinda mpaka jioni unakuwa pombe, na kila aliyezaliwa huku anajua hilo. Mimi nililiacha galoni dirishani, juani, nikaenda kujipamba.

Saa kumi, makoo yamekauka kwa kucheza, nikalileta. Kijana wangu alinusa kikombe, akaniuliza kama ni pombe.

"Ni juisi," nilimwambia. "Huu ni wa asubuhi."

Na kweli ulikuwa umeletwa asubuhi. Tulikunywa vikombe vitatu vitatu. Muziki ukawa mtamu zaidi, miguu ikawa myepesi, na mimi niliyekuwa nikiogopa macho ya walimu nikamshika mkono mchana kweupe, tukatoka. Rafiki yake alikuwa amepanga chumba karibu na soko, na ufunguo kijana wangu alikuwa nao. Ya huko nayakumbuka vipande vipande. Kesho yake, nikifua sketi, niliikuta kondomu mfukoni, pakiti haijachanwa.

Chuoni, mwenye mimba alifukuzwa. Wiki tatu sikulala vizuri. Nilimfikiria baba alivyouza korosho zake zote kunisomesha, halafu narudi nyumbani na tumbo. Asubuhi nilipoona damu nilipiga kigelegele peke yangu bafuni. Nikakimbia bila hata kufunga kitambaa kichwani, nikamkuta darasani peke yake, anaandika andalio la somo.

"Nimepona," nilimwambia, nikihema. "Hakuna mimba."

Aliweka kalamu chini. Hakucheka.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Lakini mimi nilikunywa kwa sababu uliniambia ni juisi. Mpaka leo sijui kama nilitaka mwenyewe, au ni ule uraka."

Nilitaka kumweleza habari za asubuhi na jioni, nikaketi kando yake. Wiki tatu nzima tulikuwa tumekaa dawati moja, na sikuwa nimemuuliza hata mara moja kama alitaka.