Kichwa cha Kaisari Kinazidi Kupungua

Ursikino hakuwa na ugomvi na makaisari. Alichowalaumu ni kutodumu. Mji wake Ursikino, milimani kaskazini mwa Italia, ulikuwa na sanamu moja tu ya marumaru. Kila kaisari alipopinduliwa, mchongaji ni yeye: anarudia kichwa kilekile, anampunguza marehemu masikio, anampatia huyo mpya pua. Jiwe jingine lingetoka wapi, na barabara zote zimejaa majambazi? Kwa miaka ishirini alishachonga tisa. Mabega yalibaki ya jitu, kichwa kikawa kama komamanga.

Sasa ikaja barua: yuko kaisari mpya, na ofisa wake atapita keshokutwa kukagua. Mji usiomheshimu kaisari ni mji wa waasi, na fundi wake hupelekwa migodini, haki ya Mungu.

“Nikigusa tena, pua inaondoka na kichwa,” Ursikino alimwambia mkewe, Severila.

“Kwani kaisari mwenyewe ana umri gani?”

“Wanasema ni mtoto.”

“Basi unahangaika nini, mume wangu? Kichwa cha mtoto si kidogo? Mtoe ndevu, unyamaze.”

Akatoa ndevu. Shavu moja likamomonyoka, akalisawazisha na la pili, na kaisari akabaki na uso wa mtoto aliyelala na njaa, juu ya kifua cha mpiganaji.

Asubuhi ya siku ya tatu wakaingia wapanda farasi, ila mkubwa wao alikuwa Mjerumani wa masharubu, si mtu wa kaisari hata kidogo. Akaitazama sanamu, akacheka mpaka akashikilia tandiko.

“Huyu nani?”

“Kaisari wetu, bwana mkubwa,” Ursikino akajibu. “Bado mtoto. Atakua.”

“Ukaisari wake umekwisha. Tumemwondoa. Yuko shamba, anakula zabibu.”

Ursikino akashusha pumzi. Migodi imempita! Akaokota patasi yake.

“Basi nimchonge nani?”

“Hakuna.”

“Hajachaguliwa bado?”

“Hakuna, mzee. Huku hatuweki kaisari tena.”

Severila, aliyesimama nyuma yake, akamshika mkono. “Umesikia? Umepona. Twende nyumbani.”

Ursikino hakusogea.

“Hata wa muda?” akauliza. “Hata wa miezi miwili?”

Mjerumani akatikisa kichwa, safari hii bila kucheka, akageuza farasi wake. Na Ursikino, aliyewalaumu wote wakiwa hai na asimlilie hata mmoja, akaketi chini ya sanamu akalia kama mtu aliyefiwa.