Nilifuta "kwa Mama Beno" kwenye data, halafu nikasikia sauti ya mama

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Hili limenikuta mimi mwenyewe hapa Songea, sijaongeza chumvi. Nawaandikia ninyi kwa sababu nikimsimulia dada yangu atalia.

Naitwa Beno. Nafanya kazi kwenye mradi mdogo wa kuufanya mji uwe smart. Mwananchi anapiga simu kwamba bomba limepasuka, AI inasikiliza, inatambua eneo, inaweka alama kwenye ramani, fundi anatumwa.

Ili mfumo ujifunze tulipewa simu za zamani zilizorekodiwa. Mashine inaandika rasimu, mimi naisafisha, halafu nasikiliza na kuandika kwa usahihi. Sheria ni moja: ukishaandika, sauti unaifuta. Ni faragha ya watu.

Sasa wakuu, Songea mnaijua. Vibao vya namba vipo milangoni, lakini nani anavisoma? Mtu atakwambia, "Ukipita kwa marehemu fundi cherehani, kata kushoto." Marehemu yuko kaburini miaka na miaka, bado anaelekeza watu.

Mimi nikaona huo ni uchafu. Nikaweka kanuni: jina lolote ambalo halipo kwenye orodha ya mitaa liondolewe. Data ikang'aa. Supervisor wangu, dada Rehema, mtu wa Tunduru, akanisifu.

Simu zilizobaki bila mtaa zikaingia kapu la "eneo halijulikani". Wiki iliyopita akaniambia nizipitie kwa sikio, moja moja.

Ya tatu au ya nne hivi, mtu alikohoa kabla ya kusema. Kile kikohozi nakijua.

"Marahaba, mwanangu. Hapa Msamala siku ya tano maji hayatoki, yanamwagika tu barabarani."

"Mtaa gani, mama?" Huyo ni dada wa mapokezi.

"Mtaa gani tena? Mwambie fundi aje kwa Mama Beno."

"Kwa Mama Beno ndiyo wapi?"

Mama akacheka. "Kumbe wewe mgeni! Haya, akipotea aulize kwa muuza mkaa."

Basi. Pembeni pameandikwa: halijulikani, hakuna fundi aliyetumwa.

Mama alifariki mwaka jana. Wakati anapiga ile simu mimi nilikuwa Dodoma chuoni. Kila Jumapili nilikuwa namuuliza kuhusu maji, ananijibu, "Yapo, Beno, wewe soma." Kumbe alikuwa anapandisha ndoo kutoka bondeni, na kifua kile.

Niliirudia sijui mara ngapi. Dada Rehema akanikuta nimeganda na headphone kichwani. Nikamweleza.

"Inna lillahi. Pole, kaka yangu." Akaangalia skrini. "Lakini ile sheria..."

"Naijua, dada."

"Basi isikilize tena. Mimi naenda kuswali."

Simu yangu ilikuwa mezani, wakuu. Kurekodi ni kubonyeza tu. Nikafikiria kapu zima, mama za watu humo ndani, na watoto wao ambao hawatakaa kwenye kiti changu.

Nikaandika neno kwa neno. Kikohozi nikakiandika, kicheko nikakiandika. Nikafuta.

Kisha nikaiondoa ile kanuni yangu. Tukazunguka na mabalozi wa nyumba kumi, kila jina ambalo watu wanalitumia tukaliweka kwenye ramani, walio hai na marehemu.

Juzi jirani yetu wa zamani kapiga: "Bomba linavuja hapa karibu na kwa Mama Beno." Alama ikatua juu ya kiwanja chetu kabisa. Fundi akaenda, akaziba.

Nyumba yenyewe imefungwa, hakuna anayeishi pale. Lakini nikibaki peke yangu ofisini huwa napiga namba ya kujaribia mfumo, nasema, "Niko kwa Mama Beno," ili nione alama ikiwaka.

Nilichojifunza: kabla hujaita kitu uchafu kwenye data, kwanza sikiliza ni nani anakisema. Na ukimpigia mama yako leo, usimuulize tu kama maji yapo. Muulize ameyatoa wapi.

Wenye uzoefu na hizi kazi karibuni, hata kunikosoa. Na huko kwenu, watu wanaelekezana kwa nyumba ya nani? Andikeni na majina.