Kuuza Nyumba Mwenye Jiko Yumo Ndani

Mwanangu, iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki machoni hata leo. Nilikuwa nashuka kutoka Nyarero kwenda mjini Tarime, enzi za mkoloni, miaka michache kabla ya uhuru. Ukungu wa milima yetu ulikuwa umelala barabarani, mzito, hata nadhani ungeukata kwa panga ungepata vipande vya kujengea zizi. Ng'ombe nilisikia kengele zao tu, wenyewe sikuwaona. Na kule mbele, juu ya ukungu, paa za bati za mjini zilikuwa zinaelea zenyewe, bila kuta, bila watu, kama vile Mungu ameziweka pale zingoje wenyeji wao. Nikasimama. Nikajisemea: Chacha, paa hizo zinatafuta watu, na watu wanatafuta paa. Kazi yako iwe kuwakutanisha.

Ndivyo nilivyouota udalali, nikiwa wima, umande umenifika magotini. Wewe unaniuliza kila mara mtu anaanzaje kuuza nyumba za watu wakati mfukoni ana upepo mtupu. Mwanangu, mimi hata huo upepo sikuwa nao. Mfuko wa kaptura yangu ulikuwa umetoboka, upepo ulipita bila kusimama. Ng'ombe walioletwa kwetu dada yangu alipoolewa, kaka mkubwa alikuwa ameshawatoa mahari yake, kama desturi yetu ilivyo, na mimi nikabaki na mbuzi jike mmoja. Nami nilitaka ng'ombe wangu wa kwanza. Kijana asiye na ng'ombe kwetu Ukurya akisema neno kikaoni, watu wanadhani ni mlango umelia.

Basi nikamwendea Mzee Marwa, mtu wa wake watatu na kicheko kikubwa. Mji wake, yaani kaya yake, ulikuwa Nyarero, lakini alikuwa na nyumba ya bati Nyamisangura, pale mjini Tarime. Bati lile liling'aa, nakwambia, hata ndege wa Serengeti wakipita juu yake walifumba macho. Nilisikia anataka kuiuza apate mahari ya mke wa nne.

"Mzee," nikamwambia, "kuinunua sina uwezo. Lakini nipe neno lako kwamba hutamuuzia mwingine mpaka ulezi uvunwe. Nikileta mnunuzi, bei yako unaichukua yote. Kitakachozidi juu yake ndilo jasho langu."

Akanitazama kama mtu anayemtazama ndama wa miguu mitano. "Na hilo neno langu linashikwa na nini, mura?" Mura ndivyo tunavyomwita kijana kwetu.

"Na mbuzi wangu."

"Mlete."

Hapo, mwanangu, ndipo penye siri ya kuanza na kidogo. Sikununua nyumba, nilinunua nafasi ya kuitafutia mtu. Ngozi ivute ingali maji, na mimi niliivuta. Nilikaa kwenye vibaraza vya maduka ya Bomani nikisikiliza nani anahama na nani anahamia. Nilizunguka minadani. Nilivuka hadi upande wa Serengeti, nikitembea hata nyayo zangu zikachoka kunifuata. Na kila kilima nilichopanda, yule ng'ombe wangu wa ndoto alizaa. Nilipofika Ikoma nilikuwa na zizi zima, na zizi limenikaa kichwani, na kichwa hakijala tangu asubuhi.

Ikoma ndiko nilikompata fundi Wambura. Alijifunza kushona jeshini, akarudi na cherehani, na sasa alikuwa amechoka kushona mahali ambapo wateja wake wengi ni pundamilia, wao tayari wana nguo. Hayo ni maneno yake, si yangu. Nikamsifia ile nyumba. Nilimwambia mvua ikinyesha juu ya lile bati unadhani ni ngoma ya harusi. Akafunga safari.

Tukafika Nyamisangura jua likianza kukausha nyasi. Nikasimama mbele ya nyumba, mkono mmoja kiunoni, nikimwonyesha paa, nikimwonyesha madirisha, naongea kama niliyezaliwa dalali. Mlango ukafunguka. Akatoka mama mmoja na ungo wa ulezi, mrefu, mtulivu, makapi yamemtua kwenye kope kama ukungu mdogo uliosahau kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwana wa nani wewe, unayeuza nyumba na mimi nimo ndani?"

Nikacheka kidogo. "Nimeshamalizana na Mzee Marwa, mama."

"Mzee Marwa ana mdomo mzuri, najua, ndio ulionioa. Mimi ni Boke, mke wake wa pili. Sasa niambie: mabati haya yalinunuliwa kwa ng'ombe wa nani?"

Nikayatazama mabati, kana kwamba yangenijibu.

"Wa binti yangu. Alipoolewa, ng'ombe waliingia nyumba yangu, si ya mke mkubwa, si ya mke mdogo. Wakauzwa, tukajenga. Ulimuuliza mzee, ukamuuliza fundi, nadhani hata kuku wangu uliwauliza. Mwenye jiko ukamruka. Kwenu hakuna mama?"

Mwanangu, nilijua desturi hiyo tangu nikinyonya. Kila mke ana nyumba yake, na mali ya nyumba ile hailiwi na nyumba nyingine bila mwenyewe kukubali. Ila sisi vijana tulifikiri desturi ni ya huko kijijini, kwa ng'ombe na mashamba. Ukishaezeka bati mjini, basi mshika fimbo ndiye mshika nyumba. Bati lilitupofusha kuliko lilivyowapofusha wale ndege.

Nilitegemea atanitukana. Hakunitukana. Akaendelea kupepeta, akasema taratibu, "Mura, nyumba si paa. Paa utaliona ukiwa barabarani. Nyumba ni mpaka uingie, ukae, uulize. Ukiwa kimya leo, utakula mara moja. Ukisema kweli, leo utalala njaa. Nenda, mzee na wenzake wanakungoja Nyarero."

Na kweli walikuwa wananingoja. Mzee Marwa alikuwa amekaa na kaka yake mkubwa na wazee wawili wa jirani ili neno lipate mashahidi. Alipoona nimekunja uso akanivuta pembeni. "Boke atahamia huku kijijini, usisumbuke naye. Wewe sema tu umemaliza kazi. Sisi ni wanaume, bwana!"

Lakini fundi Wambura hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akasimama mbele ya wote akasema, "Mimi mgeni. Mambo ya ndani ya mji huu siyajui. Aliyenileta ni huyu kijana, naye amesikia nilichosikia. Nitafuata kauli yake. Chacha, nyumba ile ni ya nani?"

Mwanangu, nikasikia ndizi zikiiva shambani. Nikawaona ng'ombe wangu wote wa ndoto wamesimama zizini wananitazama. Nilihitaji kusema tu, "Ya Mzee", na mmoja wao angekuwa wa kweli.

"Ni ya mama Boke," nikasema.

Wakaondoka ng'ombe wangu, mwanangu. Mmoja mmoja, wakipotelea kwenye mteremko, hata kengele sikuzisikia tena.

"Mbuzi harudi!" akanguruma Mzee Marwa.

"Abaki, tata," nikamjibu, nikimwita baba kwa Kikurya.

"Ulinyonya maziwa gani wewe? Ya fisi?"

Kaka yake akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Mwache kijana, Marwa. Amekutajia jina la mke wako tu, na wewe umekasirika kama ametaja mdai."

Nyumba haikuuzwa. Ila yule fundi hakutaka kurudi kwa pundamilia wake, na mimi sikutaka kulala njaa kwa bure, basi tukarudi Nyamisangura, safari hii tukaingia, tukakaa, tukauliza. Mama Boke akampangisha chumba cha mbele na kibaraza. Mimi nikapewa debe la ulezi. Nilibeba debe lile kwa furaha hata nikapita kwetu nikafika kijiji cha pili. Ng'ombe wangu wa kwanza alikawia sana. Lakini tangu siku ile wanawake wa mji mzima wakawa wakisikia mtu anauza au anapangisha, wanasema, mwiteni yule anayeuliza. Ndipo baadaye nikaingia shule ya jioni, nijue kuandika makubaliano kwa mkono wangu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Dalali asiye na fedha ana mtaji mmoja, nao ni neno lake. Ukiliuza hilo huna tena cha kuuza. Tafuta mwenye shida ya kuuza na mwenye shida ya kununua, shika neno la mwenye mali kwa kitu unachoweza kukipoteza bila watoto kulia, na waambie pande zote mbili wazi kwamba utapata chako. Lakini kabla ya hayo yote, ingia ndani. Uliza mali ilitokana na nini, nani anapika humo, nani anazeekea humo, nani yuko mbali hajaulizwa. Anayekuharakisha usiulize ndiye hasa wa kuulizia. Na ukigundua kosa mbele ya watu, litaje mbele ya watu hao hao. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kujua ukanyamaza. Biashara iliyokufa kwa kweli huacha mbegu. Iliyopona kwa uongo huacha kesi.

Nenda basi. Mwenyezi Mungu akupe miguu isiyochoka na ulimi usiokimbia mbele ya masikio. Akulinde na mali yenye machozi ya mtu. Na utakapokuwa mzee kama mimi, kila mlango utakaopita ambao wewe uliukutanisha na mwenyewe, sauti itoke ndani ikuite kwa jina: pita, kaa, hapa ni kwako pia.