Shomoro Wawili wa Uani

Kila nikipepeta mchele na lile vumbi lake tamu likanipanda puani, hujiona nimechutama uani kwa nyanya, Mji wa Kale, mimi na binti wa yule mpangaji wa juu aliyefanya kazi reli. Tulikuwa hatusemezani. Kila mmoja alishikilia kwamba shomoro anayekuja kula chenga za mchele ni wake.

"Mwagombania nini?" nyanya akauliza, ungo mkononi. "Hao ni wawili, wanapokezana. Tazameni kooni. Mmoja ana ndevu nyeusi, mwengine hana."

Tulitazama mpaka macho yakatoka machozi. Kweli! Mwenzangu akamwahi mwenye ndevu. Nami nikabaki na yule wa kahawia mtupu, nikajifanya nimeridhika.

Kesho yake wote wawili walibeba manyasi, wakaingia tundu moja juu ya mlango. Mwenzangu akajitanda leso ya nyanya, akanijia kwa mwendo wa watu wazima, mkono mbele.

"Hujambo, mkwe? Watoto wetu wameoana."

"Sijambo, mkwe. Na mahari je?"

Akafikiri, kisha akanipa hamri lake la chai. Alikuwa ameshaliuma. Nikalipokea vivyo hivyo.